Maneno Niliyoyameza

Mwanamke yule alifika saa sita mchana, Jumamosi, amevua viatu na kuvishika mkononi kwa sababu ya matope. Hakuna aliyemtarajia. Mbwa wa Mzee Ephraimu Sumari walimbwekea kuanzia kwenye migomba ya chini mpaka uani, naye hakukimbia. Aliwaambia tu, "Na ninyi mmeshiba," akaendelea kupanda.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti barazani mbele ya Penina. Nilikuwa nimekata bua la jani la mpapai, nalichovya kwenye kikombe cha povu la sabuni na kumpulizia mapovu, ili naye ajaribu kupuliza. Alikuwa mtoto wa miaka saba. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota fupi fupi, na kovu refu lilishuka kisogoni mpaka shingoni. Alilishika bua kwa mkono uliotetemeka, akalitazama, akaliacha lianguke. Ilikuwa siku ya thelathini tangu Penina atamke neno la mwisho.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," Elieshi alijibu kutoka jikoni, akatoka akijifuta mikono kwenye khanga. Macho yake yalipita kwangu kwanza kabla hayajafika kwa mgeni. Yalikuwa na desturi hiyo, na mimi niliishi kwa desturi hiyo wiki nzima nikiingoja Jumamosi.

Mgeni alimwamkia Mzee Ephraimu, baba yake Elieshi, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda akinoa msumeno wa kupogolea kahawa. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mama. Umetoka wapi na mvua hizi za El Nino?"

"Naitwa Pudensiana, Mama Agnela. Mimi ni mtu wa Kibosho, ila nauza mitumba Arusha. Hamnijui. Nilikuwa Kikatiti sokoni, nikawasikia akina mama wa ndizi wakisema huku juu kwa Sumari kuna mtoto kapasuliwa kichwa, akaamka, akaongea, halafu akanyamaza. Nikasema siwezi kurudi mjini bila kufika."

Elieshi alimsogezea kiti. Mama yule hakukaa. Alimwendea Penina, akachuchumaa, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamfuta mate pembeni mwa mdomo kwa kidole gumba kana kwamba alikuwa amemzaa yeye.

"Ndiyo hii," akasema. "Ni hii hii."

"Hii nini?" Mzee aliuliza.

"Wangu alikuwa na miaka sita. Uvimbe, hapa hapa nyuma. Tulimpeleka Nairobi. Aliamka vizuri, akaomba soda. Kesho yake kimya. Kimya wiki saba, Mzee wangu. Kutembea hawezi, kumeza kwa shida, analia bila sababu na hasemi anataka nini. Sasa hivi yuko darasa la pili. Anaburuta maneno kidogo kama mzee aliyetoka kwenye pombe ya mbege, lakini anaongea mpaka namwambia anipumzishe."

Elieshi alijiziba mdomo kwa khanga. Nyuma yake, mlango wa ndani ulifunguka na Tabitha akatoka.

Tabitha ni dada mkubwa wa Elieshi, mama yake Penina. Kwa wiki tatu alikuwa haketi tena na watu barazani. Alimkaribia mgeni polepole, kitambaa cha kichwani amekishusha mpaka kwenye nyusi.

"Dada," akasema, "wewe ulimwambia nini wa kwako kabla hajanyamaza?"

"Nimwambie nini tena? Sikumwambia kitu. Nilikuwa natafuta hiyo soda."

"Mimi nilimwambia anyamaze."

Hata mimi, niliyekuwa naijua habari hiyo, nilitamani asiirudie.

"Siku moja baada ya upasuaji," Tabitha alisema. "Alilia tangu asubuhi, anataka nyumbani, anataka nyumbani. Nilikuwa sijalala siku tatu. Nikamwambia, nyamaza, sitaki kusikia tena sauti yako. Akalala. Alipoamka, ndiyo hivi. Mdomo wa mama ni kitu kibaya, dada. Nimetubu mbele ya wanawake wenzangu kanisani, wameniombea, na bado."

Pudensiana alimshika mikono yote miwili. "Mama, sikiliza. Hili halikutoka mdomoni mwako. Sisi tulielezwa kabla mtoto hajaingia hata kwenye chumba cha upasuaji. Daktari alituketisha, akasema wapo watoto wanaonyamaza, msishtuke. Kwani ninyi hamkuelezwa?"

Mzee Ephraimu aliulaza msumeno chini.

"Tulielezwa damu, na tulielezwa kifo," akasema. "Kunyamaza hatukuelezwa. Ila lilipokwisha kutokea, ndipo daktari wa wodi akatuambia eti hutokea. Dereva akishaliangusha gari, husema ajali hutokea." Kisha akanigeukia, na hakukuwa na ukali wowote katika macho yake. Afadhali ungekuwepo. "Derick alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa yule daktari mgeni, akitutafsiria. Derick, mwanangu, alisema hivyo kabla?"

Tabitha alinitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile na mtu yeyote. Alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwangu. Ndiyo. Alisema. Neno hilo lingemtoa katika shimo ambalo alikuwa amelichimba kwa mikono yake na kuingia mwenyewe.

"Sikumbuki vizuri, Mzee," nikasema. "Alisema mengi siku ile."

Tabitha alirudi ndani. Niliokota lile bua la mpapai, nikalichovya tena kwenye povu.

*

Tulimsindikiza mgeni, Elieshi na mimi. Njia ya kushuka ilikuwa utelezi, mgeni akatangulia, viatu vyake bado mkononi.

"Huyu ndiye mchumba?" alimwuliza Elieshi bila kugeuka.

"Ndiye. Wazee wao wanakuja Jumapili ijayo."

"Mchaga?"

"Wa Machame. Wanakaa Arusha, Themi."

"Mwembamba. Mlishe." Tulipofika kwenye daraja la mfereji, alisimama kunawa miguu. Alivaa viatu, akaniangalia kuanzia chini mpaka juu. "Kijana, mtu asiyekumbuka hufikiri kwanza ndipo akajibu kwamba hakumbuki. Wewe ulijibu upesi."

Akamkumbatia Elieshi, akaenda zake barabarani.

Elieshi alimtazama yule mama mpaka alipopotea kwenye kona. Maji ya mfereji yalipita chini yetu, mekundu kwa udongo wa mvua. Nilitamani anishike mkono kama alivyozoea hapo darajani, mahali ambapo hakuna wa kutuona isipokuwa kahawa.

"Niangalie," akasema.

Nilimwangalia.

"Daktari alisema?"

"Elieshi..."

"Sikuulizi jina langu. Alisema?"

"Alisema."

Alikaa kwenye ukingo wa daraja. Nilitaka kukaa karibu naye, akaninyooshea kiganja.

"Simama hapo hapo. Niambie ilivyokuwa."

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya ile ofisi ndogo ya hospitali siku ya Jumatatu, daktari mgeni upande huu na picha ya ubongo wa Penina mkononi, Mzee Ephraimu upande ule na kofia juu ya magoti. Nilitafsiri uvimbe. Nilitafsiri kutoka damu. Nilipotafsiri kwamba mtoto anaweza kufa mezani, Mzee aliinua mkono, akasema, yatosha, usimchurie mtoto. Na sisi sote tuliozaliwa milimani tunajua kwamba baya likishatamkwa juu ya mtoto, limeshaonyeshwa njia. Lakini daktari alikuwa hajamaliza. Aliendelea kusema. Alipotulia na kuningoja, Mzee akaningoja, na yeye Elieshi, aliyekuwa amesimama mlangoni na shati la Penina mkononi, akaningoja pia.

"Nikaangalia kofia ya baba," nikasema. "Nikaona akisikia jingine atainuka, atamchukua mtoto, na mtoto atakufa nyumbani. Nikasema, daktari anasema atakuwa mchovu siku chache."

"Mchovu."

"Ndiyo."

"Ulimwokoa mtoto, basi. Ndivyo unavyojiambia?"

"Nilijiambia hivyo siku ile."

"Na alipoamka amenyamaza, ulijiambia nini?"

Daktari mgeni alikuwa ameshaondoka. Nilingoja kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Kila siku iliyopita ilikuwa inaongeza uzito wa lile neno, mpaka likawa zito kuliko mimi.

"Nilikuwa nakuja," nikasema.

"Ulikuwa unakuja." Alicheka, kicheko kikavu. "Unajua kwa nini Baba alikubali wazee wenu wapande? Miezi mitatu alisema hataki Mchaga, eti atamfanya binti yake kuwa karani wa duka. Halafu akakuona unapanda kilima hiki kila Jumamosi na matope mpaka magotini, unamfanyisha mtoto mazoezi. Akaniambia jikoni, na Baba yangu haingii jikoni, akasema, Elieshi, huyu kijana hajatuacha. Mpe jibu. Nikakupa jibu. Kumbe ulikuwa unakuja kulipa."

"Nilikuwa nakuja pia kukuona wewe."

"Sasa nitazitenganisha vipi hizo mbili? Niambie. Jumamosi ipi ilikuwa yangu?"

Nililia. Sioni aibu kusema nililia. Aibu yangu ilikuwa mahali pengine. Elieshi hakulia. Aling'oa jani la kahawa, akalikunja, akalikunjua.

"Dada yangu alisimama kanisani," akasema, sauti imeshuka. "Mbele ya kwaya, mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Mimi ndiye niliyewabembeleza wampeleke Penina hospitali. Tangu siku ile Tabitha hanilaumu hata kidogo. Anajilaumu mwenyewe. Angekuwa anamlaumu mtu mwingine ningesema, haya, atapoa."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho. Baada ya ibada. Yeye na Mzee, wote."

"Utakuja na nani?"

"Peke yangu. Nitamwomba mama anitafutie isale, lile jani la kuombea msamaha, nije nayo, nimpigie Mzee magoti."

Elieshi aliinuka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwenye khanga yake, na kwa mara ya kwanza mchana ule macho yake yalikaa juu yangu bila kuondoka.

"Usije na isale."

"Elieshi, ni mila. Ni yetu na ni yenu. Kosa kubwa namna hii huombewa kwa isale."

"Ndiyo maana. Ukimpelekea Baba lile jani, hana la kufanya. Mzee hakatai isale; akikataa anajitafutia laana. Atakusamehe kabla hajajua amesamehe nini. Tabitha atalazimika kukaa kimya kwa sababu Baba ameshapokea. Yatakuwa yamekwisha, nawe utakuwa umepona, na sisi tutabaki na ugonjwa." Akavuta pumzi. "Umeshamchagulia baba yangu mara moja asikie nini. Usimchagulie na cha kujibu."

"Na akinikataa?"

"Akikukataa amekukataa."

"Na wewe?"

Alilitupa lile jani la kahawa mferejini.

"Sitatoroka na mtu, Derick. Hilo unalijua. Baba akisema hapana, ni hapana. Kwa hiyo ninapokuomba uje mikono mitupu, ujue ninaomba nikiwa na la kupoteza pia."

"Nitakuja mikono mitupu."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Alinigusa shavu kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu anayepima joto la maji. Kisha akapanda kilima bila kugeuka.

*

Mama yangu alinisikiliza jioni ile tukiwa jikoni kwetu Themi, akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Halafu akaondoka, akatoka nje, akarudi na jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati, bado lina matone ya mvua.

"Hili," akasema, akaliweka mezani mbele yangu.

"Mama, nimekwambia. Nimeahidi."

"Umemwahidi msichana. Mimi nazungumzia mzee." Akavuta kiti, akakaa akiniangalia. "Deri, nilikusomesha mpaka chuo kikuu ukajifunze lugha za watu. Kumbe tungekufundisha kwanza ya kwetu. Mtu akienda kuungama bila isale, anaenda kama mwizi aliyejipeleka polisi mwenyewe. Watamsifu kwa kujileta, halafu watamfunga."

"Pengine nastahili kufungwa."

"Hayo ni maneno ya kwenye vitabu. Unampenda?"

"Nampenda, mama."

"Unampenda namna gani, nijue nitakavyokuombea."

"Nikiwa ofisini, nikisikia neno zuri la Kiswahili, namwekea. Jumamosi nampelekea."

Mama alitikisa kichwa. Aligeuza uso upande wa dirisha, na nikaona anauma mdomo wa chini kama anavyofanya akiwa anazuia jambo.

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Maskini wa Ruwa, maskini wa Mungu. Basi chukua jani, liweke mfukoni. Ukiona mambo yameharibika, unalitoa. Nani atajua uliahidi nini darajani?"

"Yeye atajua."

"Atafurahi. Kichwani atakasirika, moyoni atafurahi. Mimi ni mwanamke, najua."

Nilitaka sana kumwamini. Usiku kucha nililala macho wazi, nikiligeuza jani lile akilini upande huu na upande ule. Asubuhi nilivaa shati jeupe na koti la marehemu baba. Mama alikuwa amelifunga jani kwenye gazeti, ameliweka juu ya viatu vyangu ili nisiweze kuvaa bila kulishika. Nililishika. Nikalirudisha mezani, nikaweka kikombe juu yake, nikatoka kabla hajaamka, kwa sababu nilijua machozi yake yangenishinda.

*

Mzee Ephraimu alikuwa bado na koti lake la kanisani. Tabitha aliketi kwenye mkeka, Penina mapajani. Elieshi alisimama kwenye nguzo ya baraza, ameegemea, hanitazami. Walinikaribisha chai. Nikakataa, na Mzee akaelewa kwamba nimekuja na jambo, maana mgeni hakatai chai ya Mmeru bure.

"Sema, kijana."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia utangulizi mrefu njiani, wenye samahani nyingi mwanzoni. Wote uliniacha.

"Mzee, na wewe dada Tabitha. Kuna maneno yenu ambayo mlipewa siku ya Jumatatu, kabla ya upasuaji. Daktari aliyasema mbele ya Mzee na mimi nikayameza. Jana Mzee uliniuliza, nikasema sikumbuki. Nilidanganya. Nayakumbuka yote."

Mzee hakusogea. "Yatoe."

"Daktari alisema, kati ya watoto wanne wanaotolewa uvimbe mahali hapo, nyuma chini ya ubongo, mmoja anaweza kunyamaza. Huamka vizuri, huongea siku moja au mbili, kisha kauli humpotea. Kutembea na kumeza navyo huwa vigumu. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Wengi hurudi kuongea, ingawa si wote huongea kama zamani. Akasema, mwambie babu na mwambie mama, likitokea, si kosa la mtoto kukaidi wala si kosa la mzazi. Ni ubongo wenyewe umeshtuka kwa kuguswa."

"Sema tena," Tabitha alisema.

Nikasema tena.

"Hayo ya mwisho."

"Si kosa la mtoto kukaidi wala si kosa la mzazi."

"Alisema mwambie mama?"

"Alisema, mwambie mama."

"Jumatatu."

"Jumatatu. Upasuaji ulikuwa Jumatano."

"Na mimi nilimwambia anyamaze Alhamisi jioni." Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya mgongo wa mtoto, taratibu. "Ilikuwa imeshasemwa tayari. Siku tatu kabla ya mdomo wangu."

"Ndiyo, dada."

"Ile Jumapili niliposimama kanisani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango."

"Wimbo ulipoanza, uliimba?"

Nilitamani anipige. Kibao ningekipokea kama mvua.

"Niliimba, dada."

Tabitha alinitazama kidogo, halafu akaacha kunitazama, kama mtu anavyoacha kuangalia nyumba asiyoijua. Alikivua kile kitambaa cha kichwani, akamfutia Penina mate. Kisha akamgeuza mtoto, wakaangaliana.

"Haya, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kutoka kwake. "Kumbe lile neno halikuwa langu. Basi nyamaza mpaka uchoke kunyamaza. Mama yuko hapa."

Penina hakusema kitu. Aliweka kichwa kwenye kifua cha mama yake, na Tabitha akaanza kumyumbisha huku na huku, akilia kwa mdomo wazi, kilio cha mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanauma.

Mzee Ephraimu alingoja kilio kipungue.

"Mama yako mzima?" akaniuliza.

"Mzima, Mzee."

"Anajua umekuja kusema hili?"

"Anajua."

"Wa Machame anajua mambo haya yanavyoendewa. Hakukupa isale?"

"Alinipa."

"Iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, vile vile kama siku ile ofisini. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa laini, na ulaini ule ndio ulionivunja.

"Kijana mwenye hofu husahau. Hata mimi siku ya kuoa nilisahau viatu." Alinyoosha kidole upande wa chini. "Pale kwenye mpaka wa shamba masale ni mengi. Shuka uchume moja. Panda tena, piga hodi, tuanze kama ndiyo umefika. Sitasema kitu kwa mtu."

Nilimwelewa. Alikuwa ananifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Labda kwa ajili ya Jumamosi zangu, labda kwa ajili ya binti yake. Hatua mia moja za kushuka, mia moja za kupanda, na Jumapili ijayo wajomba zangu wangekaa barazani hapa na mbege, na Elieshi angetoka ndani amevaa vizuri kuja kuulizwa kama anatujua.

Nilimtazama. Hakunisaidia. Alikuwa ameinamisha uso, vidole vimeikamata nguzo mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na nilijua kwamba kama ningeshuka kuchuma lile jani asingesema neno lolote maisha yake yote. Angeolewa nami. Angenipikia. Asingeniuliza tena Jumamosi ipi ilikuwa yake.

"Sikuisahau, Mzee," nikasema. "Niliahidi nije bila."

"Ulimwahidi nani?"

"Mimi, Baba," Elieshi alisema.

Mzee aligeuka akamwangalia binti yake kwa muda mrefu. Nadhani alimwelewa upesi kuliko mimi nilivyomwelewa darajani.

"Ulitaka niwe na nafasi," akamwambia.

"Ndiyo, Baba."

"Unajua nitakavyojibu?"

"Sijui."

"Wala mimi sikujua mpaka sasa." Akanirudia. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini hayakuyumba. "Derick. Nilikupa masikio yangu, kwa sababu hayasikii lugha ile. Umeyarudisha leo, nashukuru. Ila siwezi kukupa na binti wiki hii hii. Kama ungekuwa na isale ningekusamehe, kwa kuwa ni sharti. Huna, kwa hiyo nakwambia kweli. Sijakusamehe. Waambie wajomba zako wasipande Jumapili ijayo."

"Ndiyo, Mzee."

"Na Jumapili nyingine sijui. Usiniulize."

"Sitauliza."

Niliinama kuwaaga. Tabitha hakuitika. Elieshi aliinua uso, na tulitazamana kwa kadiri ya pumzi moja. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini yalikuwa yananitazama mimi, si mtu mwingine aliyevaa sura yangu. Hakunisindikiza. Haikuwa heshima kumsindikiza mtu aliyekataliwa, na wote tulijua.

Nilishuka peke yangu kati ya kahawa. Kwenye mpaka wa shamba masale yalikuwa yamesimama pande zote mbili za njia, mabichi, yamelowa, mengine yameinamia njiani hadi kunigusa kifuani. Niliiweka mikono nyuma, nikaishikanisha, nikapita.